Mawakili wa jinai magharibi mwa Kenya: tuunde chama chetu, na kama ndiyo, kiwe cha kazi gani?

Mwanzisha mjadala (Kisumu)

Sisi tunaosimamia kesi za jinai Kisumu, Siaya, Kakamega na Bungoma tumekuwa tukilizungumza jambo hili korido za mahakama bila kulimaliza. Wako wanaotaka chama cha kumlinda wakili wa utetezi: malipo, bima, usalama, mafunzo. Wako wanaosema LSK, yaani Chama cha Mawakili Kenya, inatosha, na tawi lake la West Kenya liko hapa hapa Kisumu. Mimi nina msimamo tofauti na nauleta mbele yenu muuchambue. Chama kiundwe, makao yaweza kuwa Kisumu, lakini uanachama wake uwe ni kushika zamu. Asiyekubali kupigiwa simu usiku aende kituo cha polisi asiandikishwe, hata awe na jina kubwa namna gani.

Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, na inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Tukienda na maandishi, kijana aliyeshikwa mtaa wa Kondele saa nne usiku ana wakili. Alichonacho hasa ni OCS, yaani mkuu wa kituo, mpelelezi, na ndugu zake waliosimama nje ya lango wakiuliza kama wataruhusiwa kumpa chakula. Maelezo atakayoandikiwa usiku huo, simu itakayochukuliwa bila hati, gwaride la utambuzi lililopangwa ovyo, hayo ndiyo yatakayoibeba kesi miaka miwili baadaye. Wakili anayeingia siku ya kusikizwa anakuta kesi imeshapikwa na kupakuliwa.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu. Anayeshtakiwa mauaji katika Mahakama Kuu hupangiwa wakili na mahakama akiwa hana uwezo. Anayeshtakiwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) husikizwa na hakimu, anakabiliwa na adhabu ile ile ya kifo, na mara nyingi anasimama kizimbani peke yake. Ibara ya 50(2)(h) inasema Serikali itampa wakili ikiwa bila hivyo kutatokea udhalimu mkubwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki hiyo haiji yenyewe: kwanza huangaliwa uzito wa shtaka, ugumu wa kesi na uwezo wa mshtakiwa kujitetea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda chombo cha kitaifa cha kuisimamia kazi hiyo, ila mawakili na fedha zake havikidhi mahitaji. Sasa fikirieni mtu asiyejua kusoma, yuko rumande Kodiaga, analetwa kortini asubuhi. Hakimu anamwambia kuna haki hiyo. Nani atamjengea hoja kwamba yeye anaistahili? Ili apewe wakili anahitaji wakili.

LSK siilaumu. Ni ya mawakili wote, wa ardhi, wa mirathi, wa benki, na hakuna anayeweza kumwambia wakili wa mirathi aende kituoni saa saba za usiku. Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipofika miji yetu, mawakili walijitolea kuwafuata waliokamatwa vituoni, na LSK ilikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo tunaweza. Lakini wakati ule nchi nzima ilikuwa ikitazama. Anayeshikwa Nyalenda siku ya kawaida kwa tuhuma ya kupora simu hatazamwi na yeyote ila mama yake.

Na usalama? Hiyo nayo ni sababu ya kuungana. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi baada ya kutoka kortini Mavoko, katika kesi iliyomhusu ofisa wa polisi. Ofisa huyo alihukumiwa kifo mwaka 2023. Wakili asiende kituoni peke yake usiku bila mtu kujua aliko. Zamu iwe ya wawili wawili.

Karibuni, semeni.

Mchangiaji (Kakamega)

Mimi si wakili. Nafanya kazi na watoto walionajisiwa na mama zao. Kila nikisikia mawakili wa utetezi wanataka nguvu zaidi, namwona mtoto wa miaka tisa akihojiwa na mtu wa suti mpaka ananyamaza. Shahidi anatoka Shinyalu kwa boda, nauli amekopa, akifika anaambiwa kesi imeahirishwa, wakili ana kesi nyingine Kisumu. Anarudi mwezi ujao, hadithi ni ile ile. Yule mama hana chama. Mkishaungana, si mtakuwa mnafundishana mbinu za kuwachosha mashahidi? Nauliza kwa heshima, lakini nataka jibu.

Mchangiaji (Bungoma)

Wakili mwenzangu, nina miaka mitatu tangu niapishwe. Zamu inapendeza kwa mwenye ofisi yenye wasaidizi. Mimi nalipia cheti cha uwakili cha kila mwaka, kodi ya chumba na mafuta ya kwenda Webuye na Kimilili, na zile kesi za wasiojiweza tunazopangiwa na mahakama malipo yake ni madogo na huchelewa. Najua itakavyokuwa: wakubwa watatia sahihi, vijana tutakwenda vituoni. Halafu Serikali ikiona tunaifanya kazi hiyo bure, itailipia kwa nini? Katiba imeibebesha Serikali mzigo huo, haikutubebesha sisi. Chama kianze na malipo, mengine yafuate.

Mchangiaji (Nakuru)

Nasoma tu nikijiuliza: mbona makao yawe Kisumu? Gereza kuu la Naivasha liko kwetu. Tutakuwa wageni ndani ya chama chetu.

Mwanzisha mjadala (Kisumu)

Dada wa Kakamega, umeuliza swali linalostahili kujibiwa kwanza. Mshtakiwa wa unajisi akikosa wakili, anayemhoji yule mtoto ni nani? Ni mshtakiwa mwenyewe. Anasimama mita chache kutoka kwa mtoto anayedaiwa kumdhulumu na kumuuliza maswali anavyojua yeye. Sheria inamruhusu hakimu kuingilia kati, na shahidi aliye hatarini anaweza kupewa msaidizi wa kumsemea, lakini si kila mara hilo hufanyika. Kisha kuna rufaa. Kesi iliyoendeshwa vibaya inaweza kubatilishwa ikaamriwa isikizwe upya, na mtoto yule, sasa ana miaka kumi na tatu, anaitwa aseme tena yale aliyokuwa ameanza kuyasahau. Wakili mzuri wa utetezi tangu mwanzo anamlinda hata yeye, ijapokuwa si mteja wake.

Kuhusu kuahirisha, umesema kweli na sitaitetea tabia hiyo. Ndiyo maana sitaki chama cha maslahi peke yake. Chama hicho hakingekuwa na sababu ya kumuuliza mwanachama kwa nini ameahirisha kesi mara nne. Chama cha zamu kinaweza kumuuliza, kwa sababu kila mwanachama kazi yake iko kwenye kitabu na wenzake wanaiona. Na mafunzo ya kwanza yawe ya namna ya kumhoji mtoto. Nyinyi mnaokaa na watoto hao mje mtufundishe.

Msomi wa Bungoma, hofu yako ni ya haki, ila mpangilio wako siukubali. Uingereza, tangu sheria yao ya polisi ya 1984, mtu aliyeshikwa hupata wakili wa zamu kituoni bure, na malipo yanatoka serikalini. Mwaka 2022 mawakili wa jinai wa England na Wales wanaosimama mahakamani waligoma kwa sababu ya malipo ya Serikali kwa kesi za msaada wa kisheria. Tarehe 5 Septemba waliacha kazi bila kutaja siku ya kurudi, na Oktoba wakarejea baada ya kukubali nyongeza ya asilimia 15. Walisikizwa kwa sababu kazi yao ilipokoma, mahakama zilikwama. Sisi tukigoma leo, kituo cha polisi cha Webuye kitapungukiwa na nini? Hatuko huko.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Zamu ya kujitolea iwe na mwisho, mwaka mmoja. Kila mtu tuliyemfikia aandikwe: shtaka gani, alishikwa saa ngapi, alifikishwa kortini lini, alipewa dhamana ya kiasi gani na kama aliweza kuilipa. Mwaka ukiisha tunapeleka hesabu hiyo bungeni, na ikibidi tunaipeleka Mahakama Kuu hapa Kisumu tukidai Ibara ya 50 ilipiwe. Na jina lililo kwenye ratiba ndilo linalokwenda. Mkubwa hatamtuma kijana wa ofisini mwake. Akishindwa mara mbili bila sababu, anatoka.

Ndugu wa Nakuru, makao si hoja kwangu. Kila mji uwe na ratiba yake na simu yake, mkutano mkuu uzunguke.

Ninalotaka mnisaidie ni la wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Sheria ya 2016 inawatambua, na vijijini wao ndio wanaofika kituoni kabla yetu, wanajua Kiluhya na Dholuo cha pale, wanajua mtu kashikwa hata kabla jina lake kuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Mimi naona wawe wanachama kamili wenye kura. Najua wapo mawakili watakaolikataa hilo moja kwa moja. Walikatae hapa, na sababu zao tuzione.