Nimelipa yuro 400 za shule ya uchimbaji Italia, barua ya mwaliko imekuja siku tisa kabla ya safari

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa akiolojia, mwenyeji wa Uvinza mkoani Kigoma, na naomba mnivumilie kwa sababu nina hasira.

Mwezi wa pili nilikubaliwa katika shule ya kiangazi ya uchimbaji wa mabaki ya kale nchini Italia, nikaelezwa kwamba bila malipo ya awali ya yuro 400 nafasi yangu angepewa mwingine. Mama aliuza madumu yote ya mawese aliyokuwa ameyaweka akisubiri bei ipande. Fedha zilipokelewa siku hiyohiyo, lakini barua ya mwaliko, ambayo bila hiyo huombi viza, niliidai kwa barua pepe nne na kila mara nikajibiwa kuwa inashughulikiwa.

Ombi la viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15 kabla yake. Waandaaji wanaoita wanafunzi kutoka Afrika kila mwaka hawawezi kudai kuwa hawalijui hilo. Hata hivyo nilipanda treni hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na dada wa dirishani akahesabu siku kwenye kalenda yake kwa ncha ya kalamu, kisha akanirudishia bahasha bila kuifungua. Simlaumu.

Nilipoomba kurudishiwa fedha, shule ilijibu kwa mistari miwili kwamba viza ni jukumu la mshiriki. Jukumu hilo ningelitimiza kwa karatasi ipi, ikiwa karatasi yenyewe walikuwa wameikalia wao?

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisichimbe nyumbani, ilhali chemchemi zetu za chumvi zilichimbwa na watafiti Sutton na Roberts mwaka 1967, ikabainika kuwa chumvi ilipikwa pale tangu karne ya 5 au ya 6. Ni kwa ajili ya chumvi hiyo nilitaka kwenda, nijifunze kusoma na kuchora matabaka ya udongo chini ya msimamizi, maana darasani tumeishia kwenye picha. Mwiko wa fundi nilionunua soko la Mwanga na kuunoa kwa tupa bado umo kwenye begi.

Nadai yuro 400 zangu zote. Aliyewahi kurudishiwa fedha na shule za namna hii anieleze alimwandikia nani, na alitumia hoja gani.