Laini ya umeme isiyotumika juu ya uwanja wa shule: inashushwaje?

Kamati_Majengo
Habari wadau. Laini ya zamani ya kilovolti 11, nyaya tatu kwenye nguzo za miti za mita 10, inapita pembeni mwa uwanja wa shule na nyuma ya nyumba kadhaa. Transfoma ya mwisho wa laini ilishaondolewa, umeme sasa unapita chini ya ardhi. Tumeambiwa laini "haitumiki" na mkandarasi anaweza kuishusha. Je, hiyo ina maana haina umeme? Kazi inaanzia wapi? Nguzo moja ya katikati imeinama. Na wazazi wanauliza kuhusu madhara ya nyaya hizo kwa watoto.

Mlaini
"Haitumiki" ni neno la ofisini, halisemi lolote kuhusu volti. Huenda upande mmoja bado umeshikiliwa na swichi tu, na swichi huwashwa kwa bahati mbaya. Hata ikikatwa pande zote, laini inayokwenda sambamba na iliyo hai huambukizwa umeme: waya unaoelea bila ethi (kiunganishi cha kupeleka umeme ardhini) unaweza kubeba volti mamia, hata maelfu. Ongeza na hatari ya jenereta ya mtu inayorudisha umeme kupitia transfoma iliyosahaulika njiani. Ndiyo maana mtu atembee nguzo hadi nguzo kabla ya yote, akiandika kila kilichofungwa: taa za barabarani, nyaya za simu, waya wa nyumba moja ambayo haimo kwenye ramani.

Kisha mdai kwa maandishi kwamba jampa (vipande vya waya vinavyounganisha laini mbili) zimekatwa na kuondolewa mahali laini ilipoungana na mtandao, pabaki pengo linaloonekana kwa macho kutoka chini. Swichi iliyofunguliwa peke yake haitoshi, hata ikiwa na kufuli.

Siku ya kazi, kipimo cha umeme cha msongo wa kilovolti 11 kikiwa kwenye fimbo ya kuhami kijaribiwe kwanza kwenye chanzo kinachojulikana kuwa hai, kipime nyaya zote tatu, kisha kijaribiwe tena. Hilo la mwisho ndilo hurukwa, na kipimo kilichokufa katikati husema "salama" kwa kila kitu. Bisibisi ya tesita ya nyumbani isionekane hapo. Baada ya kupima ndipo ethi ya muda: kibano cha ardhini kwanza, cha waya baadaye, wakati wa kutoa ni kinyume chake. Waya ukikatwa, kila upande wa mkato uwe na ethi yake.

Stei_Imara
Mlaini kamaliza ya umeme. Umeme ukiisha, kinachoua ni mvuto. Chukua waya wa alumini wenye kiini cha chuma wa milimita za mraba 100: uzito wake ni karibu kilo 394 kwa kilomita, kwa hiyo umbali wa mita 80 kati ya nguzo mbili una kilo 32 tu. Lakini ukilegea mita moja katikati, unavuta kila nguzo kwa kama kilo 315. Hesabu ni hii: uzito wa mita moja, mara umbali mara umbali, gawanya kwa mara nane ya ulegevu. Waya uliokazwa zaidi unavuta zaidi, na ukikatwa ghafla hujikunja kama kiboko.

Kwa hiyo haukatwi ukiwa umekazwa. Kwenye nguzo za katikati nyaya zinafunguliwa vikombeni (vihami vinavyozishikilia) na kulazwa kwenye rola. Kwenye nguzo ya mwisho, kikamatio (kibano cha kushika waya) na winchi ya mkono hubeba mvuto, pini inatolewa, waya unalegezwa taratibu na kushushwa kwa kamba. Hiyo iliyoinama isipandwe: tumia gari lenye kikapu, au kreni iishike kabla nyaya hazijaguswa. Zilizosimama nazo zigongwe kwa nyundo na kuchomwa kwa bisibisi hadi sentimita 30 chini ya udongo, kwa sababu kuoza huanzia hapo huku juu kukiwa kuzuri.

Kamati_Majengo
Mkandarasi anapendekeza kukata nyaya za stei (zinazoshikilia nguzo kutoka ardhini) kwanza, kisha kuvuta nguzo kwa trekta.

Stei_Imara
Mkatalieni. Stei ndiyo inayopingana na mvuto wa nyaya. Wengi huikata kwanza kwa sababu iko chini na haihitaji kupanda, halafu nguzo inaangukia upande wa nyaya, yaani kwenu. Stei hutoka mwisho, waya wote ukiwa chini. Kama sehemu ya laini inabaki hai, nguzo yake ya mwisho iwekewe stei ya kudumu upande uliobaki mtupu kabla ya kuondoa chochote, maana sasa inavutwa upande mmoja tu.

Nguzo ya mita 10 kwa kawaida huzikwa kama mita 1.6. Ing'olewe kwa kreni, shimo lijazwe na kushindiliwa kila sentimita 15. Fimbo ya stei ikatwe nusu mita chini ya udongo, la sivyo mtoto atajikwaa. Eneo la kazi liwe tupu umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa nguzo, na ifanyike likizo. Mwishoni pitisheni sumaku kuokota vipande vya chuma, lakini alumini na vipande vya vikombe havishikwi na sumaku. Hivyo hutafutwa kwa macho.

Taka_Sumu
Nguzo zilizopakwa dawa msigawane kama kuni. Zenye dawa ya shaba, kromu na aseniki hutoa aseniki, ambayo ni sumu, kwenye moshi na majivu. Wala zisiwe benchi za watoto au kingo za bustani ya mboga. Udongo wenye doa la mafuta transfoma iliposimama upimwe PCB, kemikali ya sumu iliyotumika kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, umeweka 2028 kuwa mwaka wa kushughulikia taka zenye zaidi ya sehemu 50 kwa milioni.

Kwa wazazi: IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2002 iliweka uga wa sumaku wa masafa ya chini sana, kama ule wa nyaya za umeme, kundi la 2B, "huenda" ukasababisha saratani. Uga huo hutokana na mkondo unaopita, na laini isiyo na mkondo haina. Hatari yenu ni ile nguzo iliyoinama.