Watu wa miaka 50 na kuendelea wanaacha mazoezi wiki ya tatu. Tunakosea wapi?

Mratibu wa Mtaa
Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha mazoezi hukutana Jumamosi saa 12 asubuhi. Wengi wana miaka 50 hadi 70, baadhi wana presha au sukari. Tunakimbia kilomita 5, kisha tunaruka kamba na kuchuchumaa mara 40. Asiyefika anatozwa faini. Wiki ya kwanza uwanja unajaa, ya tatu wanabaki walewale. Faida za kiafya wanazijua zote. Ni nini hasa humfanya mtu mzima aendelee, tena kwa kupenda?

Kocha Viungo
Mkuu, ratiba yenu ndiyo inayowafukuza. Hofu ya ugonjwa humleta mtu uwanjani, ila kinachomrudisha ni alivyojisikia wakati anafanya. Pumzi ikianza kukatika, raha inaisha. Kipimo ni mdomo: aweze kuongea, asiweze kuimba. Tembeeni dakika 10, halafu dakika 20 za kupokezana, dakika 1 mchakamchaka wa polepole na dakika 2 kutembea. Malizieni taratibu, maana mtu huondoka na kumbukumbu ya dakika za mwisho. Kama huwa mnamaliza kwa mbio za kushindana, ziacheni kabisa.

Na hizo 40 za kuchuchumaa! Misuli isiyozoea huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye. Jumatatu mtu anashuka ngazi kwa kushika ukuta, anaamini ameumia, harudi. Anzeni na kukaa na kuinuka kwenye kiti, seti 2 za mara 8.

Fizio
Naongezea lengo. "Punguza presha" halishikiki. Muulize kila mmoja anataka aweze nini: kuinuka kwenye mkeka bila kushika kitu, kupanda daladala, kumbeba mjukuu. Kisha mpime ili aone anasogea. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, mikono aikunje kifuani, mhesabu anasimama mara ngapi ndani ya sekunde 30. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamke chini ya 12 na mwanamume chini ya 14 wako chini ya wastani. Andikeni kwenye daftari lake mwenyewe, msimtangaze, mrudie baada ya wiki 6.

Jumamosi peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3. Wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge vya glibenclamide wasije na njaa, na waje na kitu kitamu mfukoni, sukari isije ikashuka mno. Presha ikisoma 180/110 au zaidi kabla ya kuanza, siku hiyo mtu asifanye, aende kituo cha afya.

Bi Mkubwa
Hamjagusa la kina mama. Kamba inawafukuza kwa sababu mkojo unawatoka wakiruka, na hakuna atakayesema hilo mbele ya wanaume. Ondoeni kuruka, choo kiwe karibu, na mama mwenzao awafundishe faragha: kubana misuli kama anayezuia mkojo sekunde 5, kulegeza sekunde 5, mara 10, mara 3 kwa siku.

Faini nayo futeni. Aliyekosa wiki mbili anaona deni na aibu, anahama njia. Wagawanyeni wanne wanne kwa nyumba za jirani, wapitiane asubuhi na katikati ya wiki watembee wenyewe. Asiyeonekana, wenzake wamjulie hali.

Mratibu wa Mtaa
Nimeelewa, ahsanteni. Wachache wanaopenda kilomita 5 tuwanyime?

Kocha Viungo
Hapana, wakimbie, ila waanze pamoja na wote zile dakika 10 za kutembea, ndipo wachepuke. Wasirudi kuwapita wenzao huku wakiwahimiza kwa kelele.