Elektivi ya emejensi: Muhimbili au nirudi zangu Bombo?

Mwanatanga_MD4

Wakuu habari za muda huu. Mie ni MD4, yaani mwaka wa nne wa udaktari, chuo nakihifadhi. Likizo ndefu ikianza tuna wiki nne za elektivi na kila mtu anajichagulia idara na hospitali. Nimeshaamua ni emejensi, huduma za dharura, maana wodini nimechoka kukuta faili ambalo mtu ashaandika ugonjwa kitambo, kazi yangu inabaki kukubali tu, mie nataka nimkute mgonjwa anaingia mlangoni anahema na hakuna anayejua ana nini. Shida ni wapi. Roho moja inanivuta EMD (idara ya dharura) ya Muhimbili, Dar, na nina binamu Mbagala atanipa godoro, ingawa foleni ya asubuhi ya kule naijua wallahi. Roho nyingine inasema nirudi Tanga, hospitali ya mkoa ya Bombo, nile kwa mama, halafu nasikia hospitali za mkoa mwanafunzi anashika kazi kweli sio kushika ukuta. Wenzangu wananicheka eti emejensi sio fani, ni mapokezi ya kugawa watu wodini. Waliopitia huko nipeni mwanga, na kama kuna cha kusoma kabla semeni, ila msinitajie kitabu cha kurasa elfu mbili tafadhali.

Mzee wa Sapu

Mdogo wangu elektivi ni ya kulala. Mwaka wa tano unakuja, intaniship (mafunzo ya kazi baada ya kuhitimu) inakuja, emejensi utaiona mpaka uichukie. Nenda idara inayofunga saa tisa alasiri.

RejistraWaZamu

Mzee wa Sapu hilo jina la mitihani ya marudio halikuja bure naona 😂

Dogo, hao wa "mapokezi" wameachwa na gari. EMD ya Muhimbili ilifunguliwa 2010 kwa msaada wa Abbott Fund, ikawa ya kwanza ya aina yake kwenye hospitali ya umma hapa nchini, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wakaanza kusomesha mabingwa wa emejensi, shahada ya MMed ya miaka 3, kundi la kwanza likamaliza 2013. 2019 mkutano mkuu wa WHO ukapitisha azimio zima la kuzitaka nchi ziimarishe huduma za dharura. Sasa mapokezi gani hayo yanapigiwa azimio.

Kuhusu wapi. Mimi nakushauri usichague jina la hospitali, chagua nani atakuwa amesimama nyuma yako saa nane usiku. Hospitali kubwa utakutana na foleni ya wanaojifunza: intani, residenti (madaktari wanaosomea ubingwa), wageni kutoka nje nao wamekuja elektivi, kwa hiyo mkono wako utafika kwa mgonjwa mwishomwisho. Lakini kila mgonjwa unayemwona unamwelezea mtu anayejua, anakuuliza kwa nini umefikiria hivyo, anakuwekea altrasaundi tumboni mwa majeruhi mnaangalia damu pamoja, na hicho kitu hukipati kwa kujisomea. Hospitali ndogo utashona, utaweka kanula (mrija wa mshipani), utafunga POP (plasta ya mfupa uliovunjika) mpaka uchoke, ila kama hakuna anayekuangalia unachojifunza ni kufanya vibaya kwa haraka, na tabia ya mikono ikishakaa kuitoa ni kazi. Kuna hospitali ndogo zina daktari mmoja anayependa kufundisha na huyo mmoja anashinda jengo zima la ghorofa. Kwa hiyo piga simu, ulizia: usiku anakuwepo nani wa kunisimamia? Wanapanga wagonjwa kwa rangi nyekundu, njano, kijani au ni nani kafika kwanza? Wana kikao cha kujadili vifo? Ukiambiwa "we njoo tu huku utafanya kila kitu", kimbia.

Cha kusoma: kozi ya BEC (Basic Emergency Care, huduma za msingi za dharura) ya WHO, wametoa na Msalaba Mwekundu 2018, kitabu chake ni bure mtandaoni na hakijai elfu mbili. Ina ABCDE, yaani mpangilio wa kumkagua mgonjwa kuanzia njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu, halafu mambo manne tu, majeraha, mgonjwa anayeshindwa kupumua, shoku (damu haifiki vizuri mwilini), na aliyebadilika fahamu. Ukikijua vizuri hicho wewe tayari una faida kuliko intani wengi.

sista_wa_nyekundu

Nisemee upande wa manesi maana ndio mtatukuta hapo na ndio tutabaki mkiondoka. Wiki ya kwanza kaa kwenye triaji, pale wagonjwa wanapopangwa kwa uharaka, na sisi hata kama unaona haina hadhi, usikimbilie resasi, chumba cha mahututi, kila ukisikia kelele. Pale utajifunza kumtazama mtu anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ukajua huyu ana dakika na huyu ana masaa. Anayepiga kelele mara nyingi anaweza kusubiri, aliyenyamaza kwenye kona mkimbilie.

Ukiingia zamu kabla hujamsalimia mgonjwa angalia mtungi wa oksijeni una kiasi gani, sakshen (mashine ya kunyonya makohozi) inavuta, ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa) ya watoto ipo, gluko­mita ina stripu. Aliyepoteza fahamu sukari kwanza, sio CT kwanza. Nimeona wanafunzi wanatoa hotuba ya aina za koma na kidole cha mgonjwa hakijachomwa.

Na wale wa sumu ya shambani, dawa za kupulizia nyanya na pamba, huko mikoani mtawapata sana. Ukiambiwa wape atropini, dawa ya kupinga hiyo sumu, usikae unamulika mboni za macho na tochi kusubiri zipanuke, sikiliza kifua. Dozi inaongezwa mara mbili kila baada ya dakika chache mpaka majimaji ya kifuani yakauke, na ampuli zinakwenda nyingi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo wahi kumwambia wa famasi kabla hazijaisha. Vua na nguo zake pia, vaa glavu!

Jambo jingine, ndugu aliyemleta msimfukuze nje harakaharaka. Huyo ndiye ana historia yote, alikula nini, anatumia dawa gani, alianguka saa ngapi.

Kijana_wa_Pwani254

Sasa wasee. Niko ng'ambo ya mpaka, MBChB, huku kwetu ni miaka 6 na elektivi mi nilifanyia kazhalti (emejensi) ya hospitali ya kaunti huku Pwani. Sista ameongea ukweli hiyo ya saa ngapi. Kesi za boda ndio nyingi, na kuna ile dawa ya kuzuia damu, tranexamic acid, ile utafiti wa CRASH-2 wa 2010 wenye watu zaidi ya 20,000 ilionyesha inaokoa maisha, lakini uipe ndani ya masaa matatu tangu ajali, gramu moja kwa dakika kumi halafu gramu nyingine polepole kwa masaa nane. Ikipita masaa matatu inaweza kuharibu. Sasa mtu ametolewa dispensari, akapelekwa sab-kaunti, akaletwa kwako, hakuna mahali wameandika saa ya ajali, utampa ama utamnyima? Inabidi umtafute yule mwenye boda.

Na kwa vile ndugu yetu ni wa Tanga, hii itakufurahisha. FEAST, ule utafiti wa maji ya dripu kwa watoto wenye homa kali na shoku, ulitoka 2011, watoto 3,141, vituo vilikuwa 6: vinne Uganda, kimoja Kilifi na kimoja hapo kwenu Muheza, Hospitali Teule. Kila mtu alidhani watoto wakipewa maji mengi kwa haraka watapona zaidi. Wapi! Waliopewa walikufa zaidi, kama 10.5 kwa mia ndani ya masaa 48 dhidi ya 7.3 ya wale hawakupewa. Kwa hivyo hizo vitabu za ng'ambo zinazosema mwaga maji kwanza, soma ukijua mtoto wa Muheza alishajibu hiyo swali.

Mwanatanga_MD4

Asanteni sana wakuu, sista shikamoo. Hiyo ya Muheza sikuijua na nimekulia kilomita chache tu kutoka pale! Sasa je nikigawa, wiki mbili Dar wiki mbili Bombo? Au nitakuwa sijala huku wala huku? Halafu zamu za usiku mwanafunzi anaruhusiwa?

RejistraWaZamu

Usigawe. Wiki ya kwanza yote unatafuta choo kiko wapi na nani anasaini logibuku (daftari la kazi ulizofanya), ukihama unaanza upya. Ningekuwa wewe, MD4 bado hujawahi kusimamiwa vizuri kwenye emejensi, ningeenda Dar sasa nijengwe msingi, Bombo niiweke kwenye hesabu za intaniship nikishajua ninachokifanya. Lakini ukipiga simu Bombo ukakuta kuna mtu wa kukufundisha, nenda kwa mama.

Usiku omba mwenyewe, wengi hawatakukatalia, ila sio usiku halafu asubuhi unabaki tena kujionyesha. Barua ya chuo peleka mapema kwa ofisi inayoshughulika na mafunzo, usiende moja kwa moja idarani ukitegemea kujuana. Na uliza kama chanjo ya homa ya ini B wanaidai, maana dozi ni tatu na zinachukua miezi, ukianza wiki ya kuripoti umechelewa.

sista_wa_nyekundu

Marahaba. Na viatu vya kufunika vidole jamani, sio sendo.