Ushauri: nimlaze mama hoteli ya nyumba ya kale Mji Mkongwe au nimpeleke ufukweni?

Kijana wa Upanga
Wakuu, heshima kwenu. Mama anakuja kutoka Maskati kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu hapa Dar. Harusi ikiisha nataka nimvushe Unguja akapumzike. Kuna hoteli moja Mji Mkongwe iliyo ndani ya nyumba ya kale. Vyumba vichache, vitanda vya samadari, mlango wa njumu, na juu ya paa pana ukumbi wa kunywea chai. Mke wangu anasema mtu mzima apelekwe Paje au Kiwengwa, apate upepo. Mama ana miaka sabini na kidogo na magoti yanamsumbua. Nisaidieni mawazo, usingizi umenipaa, na tiketi za boti lazima nikate wiki hii.

Mzee wa Feri
Panda boti ya asubuhi, bahari huwa haijaamka. Mama mkalishe chini, nyuma, si mbele kwenye mrusho. Hoteli hata iwe na vitasa vya dhahabu, mtu aliyetapika njia nzima hafurahii kitu.

Fundi Chokaa
Ndugu, la kuuliza si nyumba ya kale au mpya. Uliza unapewa chumba kipi. Nimefanya ukarabati mitaa ya Shangani na Kiponda kwa muda mrefu, hivyo nisikilize. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ngazi zimesimama kama unakwenda kuangua nazi. Nyingi hazina lifti.

Mkifika, kabla hujafungua begi, pitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda, karibu na sakafu. Kikitoka na unga mweupe wa chumvi, na rangi imevimba na kumenyuka, ujue walipiga lipu ya saruji juu ya chokaa. Chokaa inapumua. Saruji inaziba, unyevu unabaki ndani ya ukuta na chumba kinanuka uvundo hata wakiwasha udi mchana kutwa. Mama mwenye magoti asilale humo. Omba chumba cha chini, upande wa ua wa ndani, mbali na pampu ya maji.

Dada wa Langoni
Mimi ningempeleka Lamu. Unguja kelele nyingi siku hizi. Mimi na mume wangu tulilala nyumba ya kale mtaa wa Mkomani: unaingia daka, kile kibaraza cha mlangoni, unapita uani, ndipo ufike ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya lipu, ukuta mzima. Mafundi wa zamani walikuwa na subira jamani. Vichochoroni gari haziingii, ni punda. Mume wangu aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu usiku wa kwanza, akalala na barafu, na hadi leo akiona mlango mfupi anainama toka mbali.

Mpita Njia
Mnaosifu majumba ya kale mmesahau jumba la Beit el Ajaib lilivyodondoka Desemba 2020? Lile la Sultani Barghash, si kibanda. Mpeleke Paje.

Fundi Chokaa
Mpita Njia, lile lilikuwa limechakaa, na lilidondoka likiwa kwenye matengenezo. Nyumba inayokaliwa na watu, paa likazibwa kila mwaka kabla ya masika, inadumu. Kinachoua nyumba za chokaa ni maji yanayoingilia juu, umri wake si tatizo.

Kijana wa Upanga
Nashukuru sana wote. Lakini Lamu hapana, na hoteli nyingine sizifikirii. Ni ile ile. Chumba nilichokitazama kipo ghorofa ya pili, kina dirisha la vioo vya rangi. Nadhani tukimpandisha taratibu ataweza, atashuka mara moja tu kwa siku.

Bi Mkubwa wa Malindi
Mwanangu, umekuja kuomba ushauri au kutuarifu? Mji huu hoteli za nyumba za kale zimejaa. Ipo Tembo, jengo lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Ipo Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza. Vijihoteli vidogo ndiyo usiseme, kila kichochoro. Mtu ambaye mama yake anaumwa magoti hang'ang'anii ghorofa ya pili bila sababu. Sema kinachokusibu.

Mpita Njia
Huyo kashalipa. Mimi ni mume wa mtu, sauti ya mwanaume aliyekwisha lipa naijua.

Kijana wa Upanga
Haya. Nimelipa kianzio, nusu ya pesa yote, na hakirudishwi.

Na nyumba ile ilikuwa ya babu yangu mzaa mama. Mama kazaliwa mle. Waliondoka 1964 akiwa msichana mdogo bado anakwenda chuo cha Kurani, wakakaa Dar, baadaye yeye na ndugu zake wakahamia Maskati. Hajakanyaga Unguja tangu waondoke. Hajui kama nyumba imekuwa hoteli. Chumba nilichobuku ndicho alichokuwa akilala bibi. Nimekijua kwa dirisha, maana mama alikuwa akitusimulia jinsi rangi za vile vioo zilivyokuwa zikitambaa sakafuni asubuhi mpaka zifike kitandani.

Nilitaka nisimwambie kitu, nimfikishe mlangoni tu. Meneja kakubali kumwandalia halua na kahawa. Mzee gani hatamani kuona alikozaliwa? Nimelifikiria sana hili, si jambo la kukurupuka.

Bi Mkubwa wa Malindi
Subhanallah. Na ulitaka tukuchagulie ufukwe.

Mpembuzi
Wakuu, hii chai, na sukari imezidi. Akaunti mpya. Samadari, njumu, ukumbi wa paani, halua ya meneja, vioo vya rangi. Hili ni tangazo la hoteli limevishwa kanzu. Boti ya kasi ni kama saa mbili tu kutoka Dar. Mtu akae Dar miaka yote ile asivuke hata mara moja? Kesho atatuwekea namba ya kubuku.

Mpita Njia
Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei.

Kijana wa Upanga
Mpembuzi, jina la hoteli sijalitaja na sitalitaja. Ningekuwa natafuta wateja ningelitaja mstari wa kwanza.

Mpembuzi
Ndiyo mbinu yenyewe. Watu waulize kwa ujumbe wa faragha (PM). Nijibu swali moja: kwa nini hajarudi?

Kijana wa Upanga
Sijui. Kila tukimuuliza anasema Unguja ameshaiona.

Mswahili wa Ruwi
Mpembuzi, kama hujakaa na wazee wetu huku Maskati usiwapime kwa saa za boti. Khalati yangu, dada wa mama, alikaa Dar hadi Sultani Qaboos wa Oman alipoanza kuwapokea watu wa Zanzibar, miaka ya sabini. Hakuvuka maji hata siku moja. Aliweza kukutajia maduka ya mtaa wao kwa mpangilio, lakini ukimwambia twende, anabadilisha mazungumzo. Binamu zangu walikuja kumpeleka kwa hila, wakamwambia wanakwenda kumzuru mgonjwa. Alipoutambua mlango alikaa barazani kwa jirani, akakataa kuingia, akakataa na kula. Hakuwasemesha mpaka wamerudi Maskati. Kijana, usimfanyie mama yako hivyo.

Mwana wa Kiponda
Na mimi niseme, maana wengine humu mnadhani zile nyumba zilikaa tupu zikiwasubiri watalii. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi zilitaifishwa, serikali ikapangisha. Wazee wangu walitoka Pemba wakapewa chumba katika nyumba kama hiyo. Kila chumba na familia yake, choo kimoja, maji ya kupandisha kwa ndoo. Mama yangu alipika miaka mingi kwenye varanda ambayo leo watu wanakunywa juisi ya ukwaju. Akaja mwekezaji, tukaondoshwa, tukahamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Kwa hiyo mama yake Kijana ana nyumba yake na mama yangu ana yake, na ni ile ile moja. Simlaumu yeyote. Lakini mkipita humo mkiona kila kitu kimepakwa rangi upya, mjue paliishi watu katikati.

Dada wa Langoni
Huku kwetu Lamu pia nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni. Nzuri kuzitazama, ila jioni mtaa mzima taa hazijawashwa, wenyewe wapo Ulaya.

Mpembuzi
Mwana wa Kiponda sina neno nawe. Kijana bado sijamwamini.

Bi Mkubwa wa Malindi
Usimwamini, hakuna anayekudai. Kijana, mama yako ana dada?

Kijana wa Upanga
Anaye. Nimempigia mama mdogo leo. Kanigombeza nusu saa nzima, halafu akasema niache mchezo, nimwambie mama yote.

Nimemwambia. Alinyamaza, kisha akaniuliza bei ya chumba. Nikamtajia. Akasema, "Nilale kwa kulipa nyumba ya babangu?" Sikuwa na jibu. Baadaye akanipigia mwenyewe, akasema kuvuka atavuka, nyumba ataitazama, na kama mtu yeyote wa mtaani yu hai angependa kumwona. Kulala hapana.

Sasa kianzio je? Ni pesa nyingi wakuu, na bado moyo wangu unaniambia akiingia chumbani kwa bibi atabadilisha mawazo.

Mswahili wa Ruwi
Moyo wako umekwisha kukosea mara moja. Amesema hapana.

Fundi Chokaa
Zungumza na meneja akugeuzie kianzio kiwe chakula. Hoteli ndogo zinaelewana kuliko kubwa. Waiteni ndugu mle chakula cha mchana, chini uani, asilazimike kupanda. Akitaka mwenyewe kupanda, apande. Kulala tafuteni pengine, chumba cha chini, na ule ukuta uupapase kwanza.

Kijana wa Upanga
Meneja amekubali chakula. Mke wangu ameshapata chumba cha chini hoteli nyingine, mtaa wa pili. Sijui wazee wa mtaani nitawapataje.

Mwana wa Kiponda
Kama ni huku Kiponda, teremkeni kwenye gari upande wa Mizingani, msipitie Darajani, sokoni mtamchosha mama kabla hajafika. Mizigo mpeni hamali wa mkokoteni. Njooni baada ya swala ya alasiri, wazee wanakuwa wameshakaa barazani. Msiulize hoteli, hawaijui kwa jina hilo. Tajeni jina la babu yenu. Na ule mlango wa njumu una kizingiti kirefu chini, mshikeni asijikwae.