Mama mkwe hasinzii usiku: kidonge cha kumtuliza, ni dawa au ni kumzima?

Mama Wawili, Rau
Jamani naomba mawazo kabla ukoo haujagawanyika. Mama mkwe ana miaka 81, ana demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Saa nane usiku anaamka anatafuta panga akakate majani ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe waliuzwa zamani. Juzi kampiga dada wa kazi na mwiko. Shemeji kaleta risperidoni ya duka la dawa bila cheti, eti nusu kidonge kila usiku. Wifi anasema tunataka kumuua.

Mangi wa Kibosho
Mpe. Wanaopinga hawajawahi kulala nyumba moja na mtu anayegonga milango mpaka kunakucha. Bibi yangu alipewa haloperidoli, katulia tuli.

Nesi Mstaafu
Alitulia au alizimwa? Hizo ni dawa za kichaa mwanangu, kumbukumbu hazirudishi hata moja. Wamarekani tangu 2005 wameziwekea onyo kali kwamba wazee wenye demensia wakizitumia vifo vinaongezeka, 2008 wakaijumuisha na haloperidoli. Kuna kiharusi, kuna kuanguka. Mtu akibadilika ghafla anza na mkojo, uliza choo kapata lini, maji anakunywa, jino linauma, anameza vidonge gani vingine. Nilimkuta bibi mmoja kafungwa kitandani na kanga wiki nzima, kumbe UTI! Siku ya 3 ya antibiotiki anaita wajukuu kwa majina.

Mangi wa Kibosho
Bibi yangu hakuzimwa, usimseme marehemu. Manesi wodini mna sauti, nyumbani hata maji ya mgonjwa hampeleki.

Nesi Mstaafu
Sijamsema. Nauliza tu, baada ya hapo alikuwa anatembea?

Kijana wa Ngarenaro
Uingereza walipiga hesabu 2009: wagonjwa 180,000 wa demensia wanapewa dawa hizi kwa mwaka, wanaopata nafuu labda 36,000, vifo vya ziada 1,800. Na hao wana manesi wa zamu.

Niko Dar Kwa Muda
Hayo ya Ulaya. Swali ni nani analala na mama? Kihamba, shamba la ukoo, anarithi kitinda mimba, basi alale naye yeye, sio kumtwisha mke wa mwenzake.

Kitinda Mimba
Aisee we nani? Mimi nimeacha kazi Arusha, kihamba chenyewe migomba imekufa nusu, nyie mnakuja Desemba na magari mnakula mbuzi mnapiga picha na mama anayewaita majina ya kaka zake waliokufa, tarehe 2 hamuonekani, halafu ndo wasemaji wa kihamba!!

Niko Dar Kwa Muda
Mbuzi nilinunua mimi.

Kitinda Mimba
Mguu mmoja ulinunua.

Mama Wawili, Rau
Mbuzi mwacheni basi. Nimpe au nisimpe?

Nesi Mstaafu
Usimpe cha kubahatisha, mpeleke aonwe. Kama anaona watu ambao hawapo, au anatetemeka mikono na kuburuza miguu, mwambie daktari mapema, kuna aina inaitwa demensia ya Lewy, hao haloperidoli inawakakamaza na inaweza kuwaua. Daktari akiandika, iwe kwa sababu ya ukali unaohatarisha mtu, dozi ndogo, na mjue mnaacha lini, Waingereza hiyo risperidoni wameipa kikomo cha wiki 6. Shemeji yako anaacha lini? Panga ficheni, mchana asisinzie, mpeni maharage achambue.

Kitinda Mimba
Wa kwangu alichambua, mawe akarudisha ndani akatupa maharage 😂

Mama Wawili, Rau
Nimetoka kuhesabu. Vililetwa 30 Jumapili, leo Ijumaa vipo 19, na mimi sijatoa hata kimoja. Na mama leo kaamka saa sita mchana, udenda unamtoka, nikadhani ni uchovu.

Niko Dar Kwa Muda
Mbuzi mzima, na aliyeniuzia yupo hapo Kiboriloni, muulizeni.