Naomba ushauri: kanuni za Drools zinakata punguzo mara mbili

Wandugu, habari za kazi. Niko Bukavu, ninatunza programu ya tiketi na mizigo ya boti za Bukavu–Goma. Bei zetu hazitulii: leo punguzo ni kwa wenye magunia kumi na zaidi, wiki ijayo ni kwa wateja wa kila juma, na kiwango cha franga kwa dola nacho kinabadilika. Nilichoka kufungua msimbo wa Java kila mara, nikahamishia kanuni zote kwenye Drools, programu ya Java inayotunza kanuni za biashara nje ya msimbo.

Shida ilianza na mama mmoja wa maharagwe. Magunia 12 kwa dola 5 ni 60; alistahili punguzo moja tu, la asilimia 10, alipe 54. Risiti ikatoka 51.30, kwa sababu asilimia 5 ya mteja wa kila juma iliingia juu yake. Jioni hesabu haikulingana, na dada wa kaunta ndiye aliyekatwa pesa. Inaniuma, maana kosa ni langu.

Niliweka "salience" (kipaumbele cha kanuni): ikapanga tu ipi itangulie, zote mbili zikafanya kazi. Nikajaribu "activation-group" (kundi la kanuni ambalo moja tu ndiyo hufanya kazi): punguzo likawa moja, lakini nikiingiza mizigo ya boti nzima kwa pamoja, mzigo mmoja tu ndio unaopunguziwa.

Je, nifungue kikao kipya cha Drools (session) kwa kila mzigo, au niandike sharti la "hajapunguziwa bado" ndani ya kila kanuni? Na kama kuna aliyemwachia mhasibu jedwali la Excel abadilishe bei mwenyewe, mnalijaribu vipi kabla halijafika kaunta?